Jibu: Kikundi cha maombi Migosi, tuvunje au tuendelee?

Dada, umeuliza kama kikundi chenu kivunjwe kwa sababu Wasabato na Waanglikana wamekosana juu ya Jumamosi na ubatizo wa watoto. Kisivunjwe. Ila ubatizo na meza ya Bwana kila mtu akayafanyie kanisani kwake. Hata wamisionari hapo paliwashinda: mwaka 1913 kule Kikuyu, karibu na Nairobi, makanisa kadhaa ya Kiprotestanti yalishiriki meza moja, na Askofu Frank Weston wa Zanzibar akawashtaki maaskofu wenzake Waanglikana wa Mombasa na Uganda kwa uzushi.

Halafu kumbukeni Wakweka (kanisa la Friends, yaani Quakers), ambao wako Kaimosi, huko Vihiga, tangu 1902. Hawabatizi kwa maji kabisa, wala hawamegi mkate. Mkishasema asiyezamishwa si Mkristo, mmemfukuza na yule mama Mkweka wa Vihiga anayeamka alfajiri kuwapikia chai ya matanga.

Mengine ni ratiba tu. Kutaneni Jumatano jioni. Ijumaa jua likizama Msabato ameshaingia sabato yake. Mkiweka mchango Jumamosi asubuhi, mnamfanya aonekane mkaidi bure. Mkila pamoja, ngege awepo, si kambare peke yake, maana Msabato hali samaki asiye na magamba (hili dogo ndilo huumiza watu kuliko mahubiri). Na Warumi 14 isomeni yote, maana siku na vyakula vyote vimo humo.

Yule kijana anayetuma klipu za kuponda makanisa ya wengine kwenye WhatsApp, mwenyekiti amwite kando kwanza. Akirudia, atolewe kwenye grupu. Hapo mimi sina huruma.