Miguu inamuuma usiku, asubuhi anakimbia: je, mtoto anakua?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina mtoto wa kiume wa miaka mitano, ana kilo 16, tunaishi Morogoro. Kwa miezi mitatu sasa, kila baada ya siku kadhaa huamka usiku, mara nyingi kati ya saa nne na saa saba, akilia kwamba miguu inamuuma. Nikimuuliza ni wapi, hupitisha kiganja kwenye ugoko na nyuma ya magoti, miguu yote miwili. Nikimchua kama nusu saa hulala, na asubuhi hukimbia kana kwamba hakuna kilichotokea. Baba yake anasema anadeka. Bibi yake anasema mifupa inakua, nimpake mafuta ya karafuu. Duka la dawa walinipa vidonge vya diklofenaki nimkatie nusu nusu, pamoja na kalsiamu ya maji. Je, ni kweli kukua kunauma? Nimpeleke akapimwe nini? Na nimkataze kucheza mpira?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na neno la baba yake: mtoto huyu hadeki. Mtoto wa miaka mitano anayekatishwa usingizi akilia ana maumivu ya kweli, na kuamka kwake mzima asubuhi hakufuti kilichompata usiku. Kwa jinsi ulivyoeleza, hali yake inafanana sana na ile ambayo sisi madaktari huiita maumivu ya ukuaji, ambayo haiharibu mifupa wala misuli na ambayo huisha yenyewe kadiri mtoto anavyoendelea kuwa mkubwa. Hata hivyo sitakupa jina hilo na kukuacha hapo, kwa sababu huku kwetu hutolewa haraka mno, na nimeshawahudumia watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao walichuliwa miguu kwa miaka, kila mtu akiwaambia wazazi wao kwamba ni kukua tu, bila hata tone moja la damu kupimwa.

Jina lenyewe ni la zamani. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuieleza hali hii ni daktari Mfaransa, Marcel Duchamp, mwaka 1823, na tangu hapo dhana kwamba mfupa ukirefuka lazima uume imedumu. Ukipiga hesabu za ukuaji wenyewe, dhana hiyo haisimami. Katika mwaka wa kwanza wa maisha mtoto hurefuka kwa takribani sentimita 25, na huo sio umri wa maumivu haya. Mtoto wa miaka mitano hurefuka kama sentimita 6 tu kwa mwaka, na huyo ndiye anayelia usiku. Kijana anapobalehe hurefuka upesi tena, lakini kufikia wakati huo wengi wao huwa wameshasahau kwamba waliwahi kuumwa. Tena, sehemu za mfupa mrefu zinazokua ziko karibu na viungo, ilhali watoto hawa hutuonyesha mapaja, vigimbi, ugoko na nyuma ya magoti. Chanzo chake hasa bado hakijathibitishwa, na maelezo yanayotajwa zaidi ni uchovu wa misuli baada ya siku nzima ya kukimbia na kuruka, viungo vilegevu kuliko kawaida, na tofauti ya asili ya jinsi watoto wanavyohisi maumivu. Kwa hiyo bibi amelitambua tatizo, ila sababu yake siyo aliyoitaja. Wala mtoto wako si wa peke yake: utafiti uliochapishwa mwaka 2004 huko Australia Kusini ulikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya watoto wa miaka minne hadi sita walikuwa na maumivu ya aina hii.

Mzazi akiniletea mtoto anayelia miguu usiku, swali langu la kwanza huwa ni la asubuhi. Anashukaje kitandani? Anakanyaga unyayo mzima au anachechemea hadi chooni ndipo miguu ichangamke? Ameacha mchezo wowote aliokuwa akiupenda? Maumivu ya ukuaji hayavuki alfajiri: mtoto aliyelia saa sita usiku huamka akitembea sawasawa, anacheza siku nzima, halafu hupita siku au hata wiki kadhaa kabla hayajarudi. Mtoto anayechechemea asubuhi, hata kama usiku alilala fofofo, ana jambo jingine linalohitaji kutafutwa.

Swali la pili ni la mkono wako. Umesema ukimchua hutulia, na hilo limenipa moyo kuliko yote uliyoandika. Mtoto mwenye maumivu ya ukuaji huusogeza mguu kwako ili uendelee kuuminya, lakini mwenye uambukizo kwenye mfupa, mfupa uliopasuka au kiungo kilichovimba huuvuta mguu wake na kulia zaidi unapoushika. Usiku mwingine ukimshika, angalia anakuletea mguu au anakunyima.

Kwetu Tanzania kuna jambo moja ambalo nisingependa lisubiri, nalo ni kipimo cha selimundu. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na ugonjwa huu duniani, na makadirio yanayotumika ni takribani watoto 11,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa hawajawahi kupimwa. Mtoto huupata pale anaporithi chembe ya urithi ya selimundu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na wazazi hao wawili wanaweza kuwa wazima kabisa maisha yao yote, ndiyo maana kusema "kwetu hakuna ugonjwa huo" hakutoshi. Chembe nyekundu za damu zikijipinda kama mundu huziba mishipa midogo na kuunyima mfupa damu, na hapo mtoto huumwa mikono, miguu au mgongo, hasa akipata baridi, homa au akikosa maji ya kutosha. Maumivu hayo huja usiku au mchana bila kuchagua, na yanaweza kukaa siku kadhaa. Jaribu kukumbuka: alipokuwa kati ya miezi sita na miaka miwili, aliwahi kuvimba viganja na nyayo kwa pamoja? Aliwahi kuongezewa damu? Macho yake huwa ya manjano? Hata kama majibu yote ni hapana, kama hajawahi kupimwa, apimwe. Ni tone la damu tu, na kipimo cha haraka hutoa majibu siku hiyo hiyo. Kikionyesha tatizo, damu hupelekwa maabara kubwa kwa uthibitisho.

Zaidi ya hapo, mtoto ambaye maelezo yake ni kama ya wako na ambaye daktari amempima mwili akamkuta sawa hahitaji msururu wa vipimo. Picha ya eksirei ya miguu haitaonyesha maumivu ya ukuaji, kwa sababu mifupa iko salama. Ninachofanya mimi chumbani ni kumvua viatu, kumwomba achuchumae na kuinuka bila kushika kitu, atembee kwa visigino, aruke kwa mguu mmoja, kisha namlaza chali na kuzungusha nyonga moja baada ya nyingine. Nyonga naizingatia sana kwa kuwa mara nyingi ikiugua maumivu huhisiwa gotini, na upo ugonjwa unaowapata zaidi wavulana wa miaka minne hadi minane, ambapo kichwa cha mfupa wa paja hukosa damu ya kutosha. Mama huja akisema goti, kumbe tatizo liko juu. Namwangalia pia kope kwa ndani kama damu imepungua, na tumboni napapasa bandama. Kilo 16 kwa mvulana wa miaka mitano hazinitishi, lakini ziko upande wa chini, na ningependa kuona kwenye kadi ya kliniki kama mstari wake unaendelea kupanda au umelala.

Yapo mambo ambayo ukiyaona usisubiri siku ya kliniki. Maumivu yanayokaa mguu mmoja na mahali palepale kila usiku, hata kama yanatulia vizuri sana kwa dawa, yanahitaji picha, kwa sababu kuna uvimbe mdogo wa mfupa wenye tabia hiyo hasa. Kiungo kilichovimba au chenye joto, homa, jasho la usiku, kupungua uzito, weupe wa kope na viganja, michubuko au madoa ya damu yasiyo na sababu, kukataa kutembea: lolote kati ya hayo ni la kumfikisha hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa uambukizo wa mfupa unaweza kuuharibu ndani ya siku chache, na saratani ya damu kwa watoto wakati mwingine huanza kwa maumivu ya miguu. Akiwa na homa apimwe malaria pia, lakini kipimo cha malaria kikitoka safi msiondoke kabla miguu yenyewe haijaangaliwa. Na iwapo atakwambia kwamba ndani ya miguu kuna kama wadudu wanatembea, na kwamba akiitikisa hupata nafuu, tueleze kwa maneno yake hayo hayo, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma huweza kuleta hali hiyo na una tiba yake.

Sasa usiku wenyewe. Akiamka, mkalishe au mlaze karibu nawe, mwambie kwa sauti ya chini kwamba unajua inauma na kwamba itapita, kisha mchue vigimbi na mapaja kwa kiganja kizima, taratibu, ukipanda kutoka kifundo cha mguu kuelekea juu. Mafuta ya nazi au mafuta yoyote ya mtoto yanatosha, kwa kuwa kinachofanya kazi ni mkono wako na joto. Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa huunguza ngozi laini na ni hatari sana mtoto akiyameza, vivyo hivyo dawa za kuchua zenye kafuri, ambazo zikimezwa zinaweza kuleta degedege. Yaweke mbali na kitanda chake. Unaweza pia kumkanda kwa kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, ukikijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako kwa upande wa ndani, kwa kuwa ngozi yake huungua kwa joto ambalo wewe unalivumilia.

Ikiwa baada ya dakika kama ishirini bado analia, mpe parasetamoli ya maji. Kiwango ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 240 kwa mtoto wa kilo 16; kama chupa imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5, hiyo ni mililita 10, ipimwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano au kifuniko chenye alama, usitumie kijiko cha chai. Soma chupa kila unaponunua, kwa sababu zipo zenye nguvu mara mbili ya hiyo. Dozi hadi dozi zipite saa zisizopungua sita, na ikifika hatua ya kuihitaji kila usiku, mlete tumwangalie upya. Vidonge vya diklofenaki viacheni kabisa: kidonge cha mtu mzima kilichokatwa kwa kisu hakina kipimo cha uhakika, na dawa yenyewe inaweza kuumiza tumbo na figo, kwa hiyo si ya kumpa mtoto wa umri huu bila daktari kuiandika. Aspirini asipewe pia, kwa kuwa kwa watoto huweza kusababisha madhara makubwa ya ini na ubongo.

Kilichowasaidia wagonjwa wangu wengi zaidi ni kunyoosha misuli kila jioni baada ya kuoga, kabla usingizi haujamchukua. Mlaze chali, goti likiwa limenyooka, shika kisigino kwa mkono mmoja na kwa mwingine sukuma unyayo kuelekea kichwani kwake mpaka kigimbi kikaze, lakini pasipo kumuumiza. Hesabu polepole hadi ishirini, ahesabu pamoja nawe, kisha legeza, mara tatu kila mguu. Baada ya hapo inua mguu mzima ukiwa umenyooka ili misuli ya nyuma ya paja nayo ivutike. Mwishowe mgeuze alale kifudifudi na ukunje goti, kisigino kielekee makalioni. Kazi yote ni dakika kumi, na matokeo huonekana baada ya wiki kadhaa za kufanya bila kuruka siku. Hapa ndipo ningemwomba baba yake achukue zamu, maana mtoto aliyekuwa akiambiwa anadeka hupata faraja kubwa anaposhikwa miguu na mtu yule yule.

Kalsiamu ya maji haitibu maumivu haya. Akila dagaa pamoja na miiba yake, maharage na mboga za majani, akinywa maziwa inapowezekana, na akicheza nje kwenye jua, mifupa yake inapata inachohitaji. Ingekuwa miguu yake ina matege au vifundo vya mikono vimetanuka, ningekuwa na maneno mengine, na dawa ingetolewa baada ya kupimwa.

Mpira aendelee kucheza, kwani haumharibu, na kumkalisha ndani ni kumwadhibu kwa ugonjwa ambao hakujitakia. Fuatilia tu kama usiku mbaya huja baada ya siku alizocheza sana, na siku hizo umnyooshe misuli kwa muda mrefu kidogo. Kwa mwezi mmoja andika kwenye daftari tarehe, saa aliyoamka, mguu upi, dawa uliyompa na alivyotembea asubuhi. Kipimo cha selimundu kifanyike wiki hii katika kituo kilicho karibu nawe, na ukija kwa daktari wa watoto njoo na majibu, kadi ya kliniki na daftari hilo, na mtoto avae kaptula.