Baba anataka fidla, bi harusi anataka kinanda cha umeme

SWALI: Asalaam alaykum mama. Naoa mfunguo tatu, inshaallah. Baba yangu ana kasha zima la kanda za taarab ya zamani, na ameapa kuwa harusini kwake hakupigwi vinanda vya umeme. Kwa kina mchumba wangu wameshawaweka vijana wa rusha roho, ile taarab ya kisasa ya vinanda vya umeme. Sasa baba hasemi nami. Nifanyeje? — Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Usimjibu baba yako kwa hasira.

Mie nimekulia Ng'ambo, hapa mjini Unguja, na usiku wa taarab nauona mpaka leo. Marehemu mama kafunga noti moja kwenye pindo la leso, kakaa kimya, kainamisha kichwa. Beti zinapita, hainuki. Ukifika ule uliomchoma ndipo anafungua fundo, anapita katikati ya ukumbi taratibu, anamtunza mwimbaji, na kila aliyeketi anajiuliza fumbo lile kalipeleka kwa nani. Nadhani baba yako anakililia kikao kile kuliko hata fidla yenyewe. Watu walikuwa wakisikiliza maneno.

Lakini taarab nayo haikushuka ilivyo. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ndiye anayetajwa kuileta kasrini kutoka Misri, ikiimbwa Kiarabu. Akaja Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Hii tunayoiita ya asili leo ilikuwa mpya siku ile. Kinanda cha umeme kimekuja kwa njia hiyohiyo. Mie sikipendi kikifunguliwa mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, kwa sababu kinammeza mshairi. Hata hivyo wanangu wameolewa kwa nyimbo hizo, na uzeeni watazililia wao.

Kwa hiyo ugawe usiku. Baada ya isha waanze wa taarab asilia, fidla, ganuni na dumbaki zinatosha, watu wakae wasikilize kwa saa moja. Kisha weka kidumbaki. Hapa ndipo wazee na vijana watakutana, kwa sababu ni ngoma ya zamani na inachezeka. Wewe mtazame mpiga sanduku: sanduku la chai limegeuzwa kifudifudi, kamba moja imefungwa kwenye fimbo. Akiivuta fimbo kamba inakaza na sauti inapanda, akiilegeza inashuka, na ule mvumo unausikia tumboni bila waya hata mmoja. Wa rusha roho wamalizie, baba akiwa ameshakwenda kulala.

Kuhusu zile kanda, tafadhali usizitie tu kwenye redio. Zikikaa miaka mingi ukanda unalegea na kunata, na redio ikiutafuna hutaupata tena. Tia penseli kwenye tundu, uuzungushe polepole mpaka ukaze, kisha mtafute fundi akuhamishie kwenye simu. Kaa na baba mnapozisikiliza. Muulize nani anaimba, na wimbo ule aliusikia wapi mara ya kwanza. Mpelekee na kahawa. Atasema nawe.

Wimbo wa kwanza wa harusi mwachie yeye auchague, na usiku huo mtilie noti mpya mfukoni. Ubeti wa kuutunza anaujua.