Mkuu, usiuze hiyo Corolla kabla hujajua nani atakutengenezea hilo jipya ukiwa Mbinga

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako lote na majibu ya wakuu waliotangulia. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa yupo Mbinga, mkoani Ruvuma, kazi yake ni kununua kahawa vijijini, ana Corolla NZE121 ya 2003, namba C (herufi ya usajili kwenye kibao), injini haijawahi kufunguliwa. Amepata hela kidogo, anataka aiuze, aongezee, aagize SUV ya dizeli ya 2014 yenye kamera ya mbele, rada na breki zinazojishika zenyewe. Wengi wamemwambia asiogope teknolojia, dunia inakwenda mbele.

Mimi nasema asiuze. Ni fundi umeme wa magari, nipo Iringa mjini, na magari yanayozimikia kati ya Ruaha Mbuyuni na Mafinga mengi yanaishia kwangu au kwa wenzangu wa jirani. Kwa hiyo haya nayaandika kwa niliyoyashika kwa mikono.

Magari ya kisasa siyachukii, na kazi zake ndizo zinazolipa vizuri zaidi gerejini. Ila kila gari litaharibika, la 1998 na la 2024. Kinachomuumiza mwenye gari ni umbali kati ya pale lilipozimikia na mtu anayeweza kujua lina nini. Kwa Corolla yako, mtu huyo yupo karibu kila mji wenye gereji na duka la spea. Kwa hilo unalotaka kuagiza, hesabu mwenyewe ni wangapi unaowafahamu kuanzia Mbinga mpaka Songea.

Nikupe mfano wa gari langu. Natembelea Corolla AE110 yenye injini ya 5A. Ukifungua boneti kuna kiboksi cheusi cha plastiki, kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS. Ndani kuna matundu yenye herufi. Unachukua kipande cha waya, hata pini ya kubania karatasi, unaunganisha TE1 na E1, unafungua switchi bila kupiga stati, halafu unaitazama taa ya injini kwenye dashibodi. Inapepesa. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni 22, yaani sensa ya joto la maji. Ikipepesa mara nne, ikatulia, ikaja moja, ni 41, sensa ya throto. Ikipepesa mfululizo bila kutulia, kompyuta haina kosa ililohifadhi. Kuna asubuhi liliwaka kwa shida, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga resi) inapanda na kushuka, bomba linanuka petroli. Nikaunga waya, ikaja 22. Nikaipima sensa kwa mita, imekatika ndani. Nikafunga nyingine kutoka duka la jirani, na saa nne ilinikuta barabarani. Kijana ninayemfundisha kazi aliishia darasa la saba, na njia hii aliielewa siku hiyohiyo.

NZE121 yako imepiga hatua moja mbele, ina soketi ya mashine chini ya usukani na kila plagi ina koili yake, lakini mafundi wameshaizoea.

Sasa Kitonga, ule mlima wa barabara ya Dar kwenda Iringa. Jioni moja nilipigiwa simu na mama aliyekuwa anatoka Dar na watoto wake, gari limemgomea katikati ya mlima. SUV ya dizeli, ya Kijapani, safi nje na ndani, kilomita zake hazijafika laki moja. Injini inawaka vizuri tu, ila ukikanyaga resi halipandi, linatambaa, na nyuma kuna foleni ya malori yanayopiga honi. Dashibodi imejaa taa za njano. Nilipofika nilichomeka kile kifaa kidogo cha bluetooth tunachosomea kwa simu, ikaja namba ya kosa P2453. Hiyo ni sensa ya presha ya DPF, kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi.

Jinsi kinavyofanya kazi: sensa ina mipira miwili myembamba, mmoja unatoka kabla ya kichujio na mwingine baada yake. Kompyuta inalinganisha presha ya pande mbili. Tofauti ikiwa kubwa, inajua masizi yamejaa. Ikipata kipimo kisichoeleweka, inapunguza nguvu ili kuilinda injini. Nilipoingia chini na tochi nikakuta mpira mmoja umepasuka karibu na kibanio, umekauka kwa joto, ufa wenyewe mdogo kiasi kwamba lazima uukunje ndipo uuone. Mama yule alikuwa ameshaambiwa kwenye gereji moja kubwa kwamba DPF nzima imekufa, na bei aliyotajiwa ilikaribia bei ya bajaji.

Mpira wenyewe ni hela ya chakula cha mchana. Lakini haikuishia hapo. Kwa sababu kompyuta ilikuwa imesoma presha vibaya kwa muda mrefu, masizi kweli yalikuwa yameshajaa, na kuyachoma kwa lazima kunahitaji mashine kubwa inayozungumza na gari la kampuni ile. Kifaa changu cha simu kinasoma namba za makosa za kawaida tu. Gari likalala gerejini kwangu mpaka mwenzangu wa Makambako alipokuja na mashine yake. Mama na watoto walipanda basi. Utaona kwamba gari lilikuwa zima na teknolojia yake ilifanya ilichoagizwa kufanya. Kilichokosekana ni mtu mwenye kifaa na maarifa mahali pale, saa ile.

Sasa tuje kwenye kazi yako, mkuu, maana wengi hapa wamezungumzia magari kwa jumla bila kuangalia kazi. DPF inajisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la karibu nyuzi 600, na kufika hapo inahitaji gari litembee mfululizo kwa mwendo wa maana, dakika kumi na tano, ishirini hivi. Wewe unatoka nyumbani, unakwenda kijiji cha kwanza, unazima, unapima kahawa, unawasha, unakwenda cha pili, unazima. Kila unapozima katikati, usafishaji unakatika. Na wakati wa kusafisha, injini nyingi za aina hiyo zinaongeza dizeli ndani ya silinda. Isiyoungua inashuka mpaka kwenye oili. Ukichomoa kijiti unakuta oili imepanda badala ya kushuka. Wapo wanaofurahi wakiona hivyo, wakidhani gari halili oili. Ile ni oili iliyochanganyika na dizeli, imekuwa nyepesi, na inakula injini na tabo (turbo).

Halafu mafuta yenyewe. Dizeli ya Japani, ambako gari hilo liliundiwa, ina salfa isiyozidi 10 ppm (sehemu kumi kwa milioni). Kiwango kilichowekwa Afrika Mashariki mwaka 2015 kilikuwa 50 ppm. Kwenye kituo kizuri mjini unaweza kuishi nayo. Dizeli ya kwenye madumu huko vijijini sitaki hata kuizungumzia kwenye gari lenye nozeli za komoni reli, zile zinazonyunyiza dizeli kwa presha kubwa sana. Oili nayo si yoyote: dizeli za Kijapani zenye DPF zinataka oili yenye alama ya JASO DL-1, yenye majivu machache. Nenda duka la spea lililo karibu nawe ukaulize DL-1 leo. Ukiambiwa chukua hii 15W-40 ni ileile, umepata jibu lako kabla hujatuma hela Japani.

Na nozeli zikifika mwisho, hazibadilishwi tu kwa kufungua na kufunga. Zile za Denso kwenye injini nyingi zina namba za fidia juu yake, na lazima ziingizwe kwenye kompyuta ya gari, la sivyo injini inagonga na kutoa moshi.

Kamera na rada sitavisema sana. Kamera imebandikwa nyuma ya kioo cha mbele, na barabara zetu zinarusha mawe. Kioo kikibadilishwa, kamera inatakiwa kupangwa upya kwa kipimo. Rada mara nyingi imejificha nyuma ya nembo ya mbele, na matope ya huko kwenu Umatengo wakati wa masika yataifunika kila siku, ujumbe utakuwa haukomi kwenye dashibodi.

Hapa niwatetee kidogo wenye haibridi (magari ya petroli na umeme), maana kuna mkuu mmoja juu ameziponda zote pamoja. Kwa uzoefu wangu haibridi za Toyota zinaogopwa kuliko zinavyostahili. Hazina stata ya kawaida, hazina oltaneta, na gia boksi yake ni ya meno bila mkanda ule wa CVT (gia boksi isiyo na hatua) za kawaida. Betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ni moduli 28 za volti 7.2 zilizopangwa mfululizo, jumla kama volti 201.6, na fundi aliyefundishwa anaweza kupima moja moja. Kinachoziua huku kwetu ni joto na vumbi: feni inayopoza betri inavuta hewa kutoka ndani ya gari karibu na siti ya nyuma, vumbi linajaza njia yake, betri inachemka. Isafisheni. Na kubadilisha moduli moja iliyokufa ni kununua muda, kwa kuwa zilizobaki zina umri uleule. Pia msimruhusu kila mtu kufungua, volti hizo zinaua.

Upande wa gari la zamani nao lazima usemwe ukweli wake, kwa sababu kuna watu hapa wanalisifu bila kuligusa. NZE121 iliyotunzwa ni gari. Iliyopita mikononi mwa mafundi kumi ni hatari. Termostati imetolewa "ili lisichemshe", rejeta ina maji ya bomba, waya zimeungwa kwa selotepu, breki pedi feki, na taa ya airbag (mfuko wa hewa wa kukinga kwenye ajali) imechomolewa balbu ili isionekane. Magari ya namna hii nayapokea kila wiki, na mwenye gari anasema la zamani halisumbui.

Na hilo la airbag nataka ulichukulie kwa uzito kuliko yote niliyoandika. Corolla za miaka ya mwanzo ya 2000 ni miongoni mwa magari yaliyoitwa kurudishwa kwa ajili ya airbag za Takata, ile kampuni iliyoomba kufilisika 2017. Ndani ya kifaa kinachoijaza airbag walitumia amonia naitreti, na kemikali hiyo ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika. Siku ya ajali inalipuka kwa nguvu kupita kiasi, chuma kinapasuka na vipande vinamrukia aliyekaa mbele. Joto na unyevu tunavyo, hasa gari likiwa limeishi Dar, Tanga au Mtwara kabla ya kukufikia. Taarifa za kurudisha magari zinakwenda kwa mmiliki aliyesajiliwa kule, na gari lililokwisha kupanda meli mwenye nalo hapati barua. Toyota Japani wana ukurasa wa kutafuta kwa namba ya chasisi. Ingiza yako leo. Likiwemo na halijabadilishwa, nenda kwa wakala wa Toyota, usimruhusu mtu wa mtaani kulifungua, na mpaka litakapokamilika usimkalishe mtoto siti ya mbele.

Teknolojia ambayo mimi siwezi kukushauri uikose ni ABS (breki zisizofunga tairi), na ukipata VSC (inayozuia gari kuserereka) bora zaidi. Miteremko ya huko kwenu na mvua zake, gari linalojirekebisha likianza kuserereka linaokoa watu. Kwa hiyo kama gari lako ABS imezimwa au sensa ya tairi imekatwa waya, rudisha kabla ya kununua redio.

Hela uliyonayo, kipande chake kidogo kingetosha hivi. Rudisha termostati, weka rejeta nzuri na kulenti halisi. Badilisha bushi, stabilaiza linki na shokapu zote nne, siyo mbili. Oili ya gia boksi iwe T-IV ya Toyota, usikubali ya kopo lisilo na jina. Angalia tarakimu nne za DOT ubavuni mwa tairi: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, na usikute tairi ina umri wa mtoto wa shule. Koili nunua halisi hata kama ni za mtumba, feki zinakufa mapema na zinaua plagi. Waya zilizoungwaungwa mpe fundi umeme siku nzima azifanye upya.

Ukiona bado unahitaji gari la kupakia magunia, basi tafuta Probox yenye injini ya 1NZ, ileile uliyonayo sasa, ya kabla ya maboresho ya 2014 yaliyoleta CVT. Ipo hadi ya fowili (inayovuta kwa tairi zote nne). Fundi wako anaijua, spea nyingi za injini ni zilezile, plagi zako za akiba zitaingia. Ubaya wake ni kwamba kwa umri huo ukiagiza mwenyewe utakutana na ushuru wa uchakavu wa magari ya zamani, kwa hiyo piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA (mamlaka ya mapato) kwanza, kisha linganisha na bei ya iliyopo nchini, namba D, ambayo unaweza kwenda na fundi wako mkailalia chini kabla ya kutoa hela.

Ukienda kuikagua, anza asubuhi injini ikiwa ya baridi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Shika rejeta kwa mkono kuhakikisha kweli ni ya baridi.