Maswali ya wasomaji: Umeme wa taa za sikukuu nje ya nyumba

Ndugu fundi, nataka kupamba baraza, ukingo wa paa na miti miwili. Nje nina soketi moja tu ya ampea 13. Mwenzangu anasema itaungua. Nitajuaje kama itabeba?

Chukua karatasi, uorodheshe kila kitakachowaka pamoja na wati zake. Utazikuta kwenye lebo iliyo karibu na plagi, au mgongoni mwa adapta. Lebo ikitaja ampea peke yake, zidisha kwa volti.

Tuseme una kamba 12 za taa za LED, kila moja wati 6: hizo ni 72. Ongeza taa mbili za kumulika ukuta, wati 30 kila moja, na sanamu moja ya kujazwa upepo ambayo feni yake inakula wati 80. Jumla ni wati 212. Kwa umeme wa volti 230, hiyo haifiki hata ampea moja. Soketi yako inaweza kutoa wati 2,990, na kwa kuwa taa huwaka saa nyingi mfululizo, ni busara kuishia kwenye asilimia 80, yaani kama wati 2,400. Bado uko mbali sana.

Hesabu hubadilika ukitumia balbu za zamani za uzi. Kamba moja ya balbu 25 za wati 7 ni wati 175. Kamba 12 ni wati 2,100, zaidi ya ampea 9. Soketi bado inahimili, ila soketi ya nje mara nyingi imeungwa sakiti moja na zile za sebuleni au jikoni. Breka ya ampea 20 hubeba wati 4,600. Weka taa hizo, birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,000 kwa pamoja, na umeizidi breka, nayo inaweza kujizima baada ya muda. Zima breka moja moja mchana uone soketi ya nje inakufa pamoja na zipi.

Kikomo kingine wengi hawakitazami: kamba zilizoungwa mkia kwa kichwa. Waya wa kamba ya kwanza, ambao ni mwembamba, ndio unaopitisha umeme wa zote zinazofuata. Lebo husema mwisho ni kamba ngapi. Ukizidisha, wa kwanza ndio hupata moto. Na kama plagi yake ina fyuzi ya ampea 3 iliyoungua, usiweke ya 13 kwa sababu tu ndiyo uliyo nayo droweni. Fyuzi ile ililinda waya.

Mvua ikinyesha tu, umeme unakata nyumba nzima. Jua likitoka, unarudi vizuri. Je, niongeze breka kubwa?

Hapana, hiyo haitasaidia. Nenda kwenye kisanduku cha breka uangalie ni swichi gani iliyoanguka. Ikiwa ni ile yenye kitufe cha TEST, iliyoandikwa 30 mA (miliampea 30), shida si mzigo mkubwa. Kifaa hicho hulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa moto na unaorudi kwa nyutro. Vikitofautiana, kiasi fulani kinapita njia nyingine, pengine kwenye udongo uliolowa, pengine mwilini mwa mtu, nacho hukata. Ndiyo maana ni hatari kumsikiliza anayekwambia uunge waya bila kukipitia ili taa zisizimike.

Kutafuta kosa, chomoa kila kitu cha nje kabisa. Kuzima swichi ya soketi hakutoshi: swichi nyingi hukata waya wa moto peke yake, na nyutro iliyogusana na ethi (waya wa ardhini) kupitia maji bado hukiangusha kifaa. Kisha kirudishe. Kikianguka tena wakati hakuna kilichochomekwa nje, shuku maji ndani ya soketi yenyewe au kwenye waya wake, na hapo mwite fundi umeme. Kikisimama, rudisha kamba moja moja, ukiwa umevaa viatu vikavu na mvua imekwisha.

Inawezekana pia usimpate mkosaji. Kifaa cha 30 mA huruhusiwa kukata popote kati ya 15 na 30, na kila adapta huvujisha kidogo hata ikiwa nzima. Adapta nyingi pamoja na unyevu kidogo kila mahali hutosha. Dawa ni kuzigawa kwenye sakiti mbili, kila moja na kifaa chake cha 30 mA.

Lakini mara nyingi kosa liko kwenye kiungo cha plagi na eksitensheni kilicholala kwenye majani. Watu hukifunga kwa mfuko wa nailoni na gundi ya utepe wakidhani wamekikinga. Kumbe mvuke hugeuka matone mle ndani na hauna pa kutokea. Tumia kisanduku cha nje kinachopitisha waya kwa chini, kining'inie angalau sentimita 30 juu ya ardhi, matundu ya soketi yasielekee juu. Acha waya ushuke chini ya kiungo kwanza, kisha upande kuingia, ili tone lidondokee kwenye lile tumbo la waya. Taa zenyewe ziwe na alama ya IP44 au zaidi. Tarakimu ya pili ndiyo inayohusu maji.

Nimefunga mkanda wa LED wa rangi, volti 12, mita 5. Adapta iko ndani, waya ni mita 10. Nikichagua nyeupe, mwisho wa mkanda unakuwa mwekundu mwekundu na hafifu. Mkanda ni mbovu?

Mkanda ni mzima, volti ndizo zinazopotea njiani. Mkanda wa wati 14.4 kwa mita unakula wati 72, na kwa volti 12 hizo ni ampea 6. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 hupoteza karibu milivolti 29 kwa kila ampea kwa kila mita: kwa mita 10 umepoteza volti 1.7 kabla mkanda haujaanza. LED za bluu na kijani huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu, kwa hiyo hufifia kwanza, na wekundu unabaki.

Sogeza adapta karibu na mkanda, ndani ya kisanduku kisichopitisha maji. Upande wa volti 230, wati hizohizo ni ampea 0.3 tu, na upotevu ni chini ya volti 0.1. Peleka umeme ncha zote mbili za mkanda. Kama bado hujanunua, chukua wa volti 24.

Eksitensheni yangu ya kuzungusha imenuka plastiki. Mzigo ni wati 1,800 tu.

Uliiacha imeviringwa. Joto la tabaka za ndani halina pa kutokea, ndiyo maana lebo huwa na vikomo viwili, kimoja kikubwa cha ikiwa imekunjuliwa yote. Ngozi ya waya ikiwa imelainika au mizunguko imeshikana, ikate plagi kabla ya kuitupa, mtu mwingine asije akaiokota.