Barua kwa mwanangu: mzee akikuuliza kama anakufa

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba mzee wa kitanda cha dirishani alikushika mkono usiku akakuuliza, "Binti, hivi mimi ndiyo nakufa?" Mwanawe alikwisha wakataza wauguzi wasimwambie lolote. Wewe ukamwekea mto vizuri, ukamwambia apumzike, na sasa unaniuliza mimi baba yako, niliyeifanya kazi hiyo hadi kustaafu, ulipaswa kumjibu nini.

Usikimbilie ndiyo wala hapana. Vuta kiti ukae, umtazame usoni bila kumsimamia kichwani, kisha muulize: "Baba, kitu gani kimekufanya uwaze hivyo?" Ukishauliza, nyamaza. Najua kunyamaza huko kunavyotisha kwa nesi kijana mwenye wodi nzima inayomngoja, lakini hapo ndipo mzee hupata nafasi ya kusema kinachomsumbua. Yupo anayeogopa maumivu. Yupo anayeogopa kukosa pumzi usiku hali hakuna mtu karibu. Mwingine anapiga hesabu kama muda uliobaki unatosha kupatana na ndugu waliyekosana. Na wapo wanaojua kila kitu, wanachotaka ni kuona kama wewe utavumilia kulisikia. Ukimwambia "Utapona tu, baba," atakushukuru kwa adabu, na hatakuuliza tena.

Akisema anataka kujua, ajibiwe kweli, kwa kiasi anachoomba. Maelezo ya ugonjwa wenyewe ni ya daktari, nawe uwepo yanapotolewa, kwa sababu yeye ataondoka na maswali yatabaki kwako. Lakini hata kabla ya daktari kufika unaweza kusema: "Naona nguvu zinapungua, baba, na madaktari wanaona hivyo. Sitakudanganya." Ahidi tu kilicho ndani ya uwezo wako. Usiseme hataumia kabisa. Mwambie akisikia maumivu akuite, na hutangoja zamu iishe. Kisha itimize ahadi hiyo, na uiandike ili wa zamu inayofuata naye aitimize.

Kuhusu yule mwanawe, usimwone adui. Ameanza kumlilia baba yake mapema. Mtafute pembeni, umuulize anahofia nini kikitokea mzee akijua. Wengi husema, "Atakata tamaa." Basi mwambie kwa upole kwamba baba yake ameshaanza kuuliza, tena usiku, kwa mtu asiye wa damu yake. Nimeona neno hilo likiwalainisha watu ambao hoja za madaktari hazikuwagusa. Mwambie pia wazi: hutakwenda kumtangazia mzee, lakini akikuuliza hutamdanganya. Na mzee mwenyewe aulizwe mapema, akili ikiwa timamu, anataka kujua kiasi gani na nani amsemee siku atakaposhindwa kusema.

Kuna jambo ningependa ulielewe kuliko yote katika barua hii. Mzee hafiki kwenye kifo akiwa mzima wa kila kitu. Amekuwa akipoteza kwa miaka: kazi iliyompa jina, gari alilokuwa akiendesha, usikivu, rafiki mmoja baada ya mwingine, mwenzi wake, na mara nyingi nyumba yake mwenyewe. Kila kimoja kina msiba wake, na vingi havikupata hata mtu wa kusema pole. Umenitajia bibi ambaye faili lake limeandikwa "hashirikiani", anayekataa kuogeshwa. Unasema alifiwa na mume, na muda mfupi baadaye akahamishwa kutoka nyumbani kwake. Mimi nisingeanza na sabuni. Ningemuuliza kwake alikuwa akioga saa ngapi, nani alikuwa akimsaidia, na kama kuvuliwa nguo na mgeni kunamtia aibu. Achague saa, achague nguo, achague nani amshike. Kwa aliyeondolewa maamuzi yote makubwa ya maisha yake, hayo madogo ni makubwa sana.

Chuoni mlifundishwa hatua tano za kukikabili kifo (kukana, hasira, kubembeleza, huzuni nzito, kukubali) za daktari Elisabeth Kübler-Ross, alizozieleza mwaka 1969. Kumbuka alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakifa, hakuwa akichunguza wafiwa. Na hazikuwa ngazi ambayo kila mtu lazima aipande kwa zamu. Mwenzako akisema bibi "amekwama kwenye hasira", usilipokee. Mimi hunisaidia zaidi maelezo ya watafiti wa huzuni ya kufiwa, Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi, mara yumo ndani ya huzuni, mara anashughulika na maisha mapya yanayomlazimu. Kwa hiyo bibi anayelia asubuhi na kucheka jioni haigizi, na wala hajamsahau mumewe.

Huzuni hiyo inaingia mwilini. Mwaka huohuo wa 1969 daktari Colin Murray Parkes na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanaume 4,486 wa Uingereza wenye miaka 55 au zaidi, waliofiwa na wake zao. Katika miezi 6 ya mwanzo vifo vyao vilizidi kwa takriban asilimia 40 vile vilivyotarajiwa kwa wanaume wa umri wao wenye wake, na vingi vilitokana na moyo. Kwa hiyo mfiwa mzee mpime uzito, muulize usingizi, angalia kama dawa zake za presha anazimeza au zinalala kabatini. Marehemu ndiye aliyekuwa akimkumbusha.

Na usikubali kila huzuni ya mzee iitwe uzee. Huzuni ya kufiwa huja na kupoa, na katikati mtu bado hufurahia sauti ya mjukuu. Akiwa hafurahii chochote siku nenda siku rudi, akajiona mzigo usio na thamani, hiyo yaweza kuwa sonona, nayo ina matibabu hata kwa mtu wa miaka 85. Muulize wazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2014 kwamba karibu kila upande wa dunia viwango vya kujiua ni vya juu zaidi kwa wenye miaka 70 na kuendelea, ila wazee hawaji wakilalamika, hasa wanaume.

Mwenye ugonjwa wa kusahau akiuliza mumewe yuko wapi, usimpe taarifa ya msiba upya kila siku. Kwake kila mara ni mara ya kwanza. Mwambie, "Umemkumbuka leo. Nisimulie habari zake."

Sasa nirudi kwenye maumivu, maana bila hayo maneno yote niliyokuandikia ni bure. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wanaokufa, ya St Christopher's huko London mwaka 1967, alikuwa muuguzi kabla hajawa daktari, naye alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya moyo, ya roho na ya mahusiano yake na watu, yote kwa pamoja. Lakini alianza na mwili, akasisitiza dawa itolewe kwa saa zake, isingoje mgonjwa alie. Familia zitakuambia mofini, ile dawa kali ya maumivu, itamuua. Waeleze kwamba ikitolewa kwa kipimo sahihi na kuongezwa taratibu hutuliza, haimharakishi. Kinachokuja nayo karibu siku zote ni kufunga choo, basi dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Na mzee akianza kuhangaika, kuvuta mashuka na kusema ovyo, usiseme haraka kwamba anaogopa kifo. Gusa kibofu, uliza choo mara ya mwisho lini, pima joto, pitia dawa alizoongezewa. Nimewaona waliokuwa wakipigana na kitanda wakalala kama watoto baada ya mkojo kutolewa tu.

Siku za mwisho zinapokaribia, waambie ndugu mapema watakachokiona. Ataacha kula, kwa kuwa mwili hauhitaji tena. Kumlazimisha kunaweza kumpalia, na dripu ikizidi huleta uvimbe na maji kifuani. Wape kazi ya kumlowesha midomo na kumsafisha kinywa, kwani mikono mitupu ndiyo inayowatesa. Pumzi itakatika na kurudi, na huenda koo likakoroma, mgeuze ubavu. Waendelee kumsemesha. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa waliokuwa hawaitikii tena, saa chache kabla ya kufa, wakakuta baadhi bado ubongo wao ulijibu sauti. Ndugu wakianza kugombania mali kando ya kitanda, watoe nje bila kuona haya.

Wewe nawe zungumza na muuguzi wako mkuu. Mwombe baada ya kila kifo mkae hata kidogo, mliomhudumia, mumtaje marehemu kwa jina. Nimefanya kazi mahali walipofanya hivyo na mahali wasipofanya, na tofauti niliiona kwa wauguzi walioacha kazi.

Ukipata likizo njoo. Nataka tuongee kirefu kuhusu mofini kwa wazee wenye figo dhaifu, maana humo dozi na saa hubadilika. Njoo na maswali ya wenzako pia.

Baba yako