Maswali na majibu: kompyuta ya zamani inapolalamikia kumbukumbu pepe

Katika sekretaria yetu ya Kamalondo, Lubumbashi, tunatumia kompyuta ya Windows XP yenye RAM ya MB 512. Tukifungua Word, intaneti na skana kwa pamoja, inatuandikia «mémoire virtuelle minimale insuffisante», yaani kumbukumbu pepe haitoshi. Je, mashini imekufa?

Hapana, Mama, mashini yako bado ni nzima. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, inapokaribia kujaa, Windows huhamishia sehemu ya kazi isiyohitajika kwa wakati huo kwenye faili iliyofichwa katika diski, iitwayo pagefile.sys; hiyo ndiyo kumbukumbu pepe. RAM na faili hiyo kwa pamoja ndizo kumbukumbu ambayo programu zote zinagawana. XP kwa kawaida huipa faili hiyo ukubwa wa mara moja na nusu ya RAM na kuiruhusu ikue hadi mara tatu, yaani kwako ni kuanzia MB 768 hadi MB 1536. Ujumbe unaouona unatangaza kwamba ukubwa wa mwanzo umekwisha na Windows inajaribu kuuongeza.

Kwa hiyo tazama kwanza nafasi iliyobaki katika diski C, kwa sababu faili haiwezi kukua mahali palipojaa. Kisha bonyeza Ctrl, Alt na Del kwa pamoja ili uone ni programu gani inayokula kumbukumbu nyingi kuliko nyingine. Naliona jambo hili kuwa muhimu kuliko kubadilisha tarakimu yoyote, kwani programu yenye hitilafu, ambayo haiachilii kumbukumbu iliyochukua, itaijaza hata faili kubwa. Usipomwona mkosaji, ingia katika sifa za kompyuta, ufuate «Avancé», «Performances», tena «Avancé», hadi «Mémoire virtuelle». Andika 1536 katika nafasi zote mbili, ya ukubwa wa mwanzo na ya ukubwa wa juu, bonyeza «Définir», kisha uwashe upya. Niongeze pia kwamba XP haipati marekebisho ya usalama ya kawaida tangu tarehe 8 Aprili 2014. Tafadhali msiitumie kwa barua za wateja wala kwa mambo ya benki.

Umeme ulikatika ghafla hapa Katuba. Tangu siku hiyo Windows 7 kila ikiwaka inasema imeunda faili ya muda ya kumbukumbu.

Huenda faili yenyewe, au sehemu ya diski inayoihifadhi, iliharibika umeme ulipokatika. Nakili kwanza kazi zako zote mahali pengine, kabla ya kugusa chochote. Baada ya hapo fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, ukubali, na uwashe upya ili diski ikaguliwe. Ukimaliza, rudi kwenye «Mémoire virtuelle», chagua kutokuwa na faili, washa upya, halafu uchague «Taille gérée par le système» na kuwasha tena, ili Windows iunde faili mpya. Ujumbe ukirudi baada ya hatua hizo, naishuku diski yenyewe.

Mimi ni mwanafunzi wa Kasapa. Diski C imejaa na rafiki ananishauri nifute pagefile.sys.

Usimfuate, ndugu. Ukiizima faili hiyo na RAM ikajaa, programu inaweza kufungika pamoja na kurasa za TFC (kazi yako ya kumaliza masomo) ambazo hujazihifadhi. Katika Windows 7 kuna faili nyingine, hiberfil.sys, inayohifadhi nakala ya kazi kompyuta inapolazwa, ambayo kwa kawaida huchukua asilimia 75 ya ukubwa wa RAM, yaani GB 3 kwa mwenye GB 4. Amri powercfg -h off, ikitolewa na msimamizi, huiondoa. Baada ya hapo, hata hivyo, usiilaze kompyuta ukiwa umeacha kazi wazi, kwani umeme ukikatika hakutakuwa na nakala katika diski ya kuirudisha.

Niliweka GB 10 za kumbukumbu pepe. Ujumbe umekwisha lakini kompyuta inatambaa.

Ndivyo inavyokuwa. Diski inayozunguka huhitaji takriban milisekunde kumi kukipata inachotafuta, wakati RAM hujibu kwa muda ulio mfupi mara elfu nyingi, hivyo mashini inayohamisha data kila mara hubaki ikisubiri diski. Dawa ni kuongeza bareti ya RAM, yaani kipande chake kinachochomekwa ndani ya kompyuta. Chomoa ile ya zamani, kompyuta ikiwa imezimwa na waya umetolewa, uende nayo dukani: DDR2 na DDR3 zina pengo mahali tofauti, na haifai kamwe kulazimisha moja iingie mahali pa nyingine.

Nimeweka GB 4, Windows inaonyesha GB 3.25 tu. Nimeibiwa?

Hapana. Windows yako ni ya biti 32, na sehemu ya anwani zake za kumbukumbu hutumiwa na kadi ya picha na vifaa vingine. Windows ya biti 64 itaziona zote, mradi prosesa na ubao mkuu vinaikubali. Lakini programu ya biti 32 kwa kawaida itaendelea kupewa GB 2 tu, hivyo ikilalamikia kumbukumbu peke yake, tafuta toleo lake la biti 64 kabla ya kununua bareti nyingine.