Jibu: Mdogo wangu kapelekwa mahabusu Segerea, ataishije na wenzake?

Pole sana dada. Umeuliza mdogo wako afanyeje asionewe mle ndani. Nimewahi kukaa mahabusu, gereza jingine, nakuambia ninayoyajua.

Kesi yake asiisimulie. Usiku watu wakipiga soga, hakosi wa kumuuliza: mlikuwa wangapi, mali iko wapi? Ajibu tu, "kesi iko mahakamani." Mengine ni ya wakili. Na yeye asichokonoe kesi ya mtu.

Kubwa zaidi ni madeni. Sigara na sabuni kule ni pesa kabisa. Akikopa sigara moja leo, kesho kutwa anadaiwa mbili, na ugomvi mwingi niliouona ulianzia hapo kuliko kwenye matusi. Ukienda kumwona mpelekee sabuni na dawa ya meno, asiwe mtu wa kuomba. Akigawa, amgawie kidogo anayelala jirani yake, bila kujitangaza.

Kulala ndiko kunakochosha roho. Tulibanana ubavu kwa ubavu, mmoja akitaka kugeuka mstari mzima unageuka. Mgeni alianzia karibu na choo. Asibishane; wenzake wakipata dhamana, nafasi itasogea. Aoge, na zamu yake ya usafi asiikwepe.

Amheshimu nyapara, yule kiongozi wa wenzake mle ndani, ila asikubali kuwa mtumwa wa mtu. Akitishiwa au kushikwa vibaya, amwambie askari siku hiyohiyo, na wewe akuambie. Hilo usilinyamazie kabisa dada, nenda mwenyewe kwa mkuu wa gereza.